Mwendo wa Jabali

Saa moja asubuhi Mwalimu alikuwa mezani anasahihisha mitihani ya hesabu, chai pembeni, wakati askari wa ile filamu ya vita walipotoka chumbani kwa marehemu mama yake na kuanza kuzunguka meza. Hakuinua macho. Aliinua kikombe tu, kwa sababu wakipita wao chai humwagika, akakishika hewani mpaka kikosi kizima kikaishia jikoni. Askari wenyewe hawakuwapo. Ulikuwapo mshindo wa buti zao, na mshindo huo aliutengeneza mama yake peke yake, kwa jozi mbili za buti na trei ya kokoto.

Mama yake alikuwa mtia nyayo. Mtu akitembea kwenye filamu, zile hatua unazozisikia si zake; hurekodiwa baadaye studio, na mtu anayesimama gizani mbele ya picha na kumfuatisha hatua kwa hatua. Kwa miaka thelathini na moja mtu huyo alikuwa yeye. Alikwenda kazini na gunia la viatu begani, ndiyo maana wakamwita Mama Viatu, akatembea badala ya mabibi harusi, majambazi, wajawazito, na mbwa mmoja maarufu, ambaye alimtilia nyayo kwa viganja, amevaa glavu zenye vibanio vya karatasi vidoleni. Alikwenda na homa. Alikwenda siku ya tatu baada ya kumzika mumewe. Kumwacha mtu atembee kimya mbele ya watu, alisema, ni kumwacha uchi, hata awe adui yako.

Nyumbani alikaa pekupeku ili miguu ipumzike. Hakuwa na kishindo hata chembe. Ungegeuka tu ukamkuta nyuma yako, na kama una jambo la kuficha, shauri yako.

Alipokufa, nyayo zilitoka kwenye filamu zote sitini na mbili zikarudi kwake. Zingekwenda wapi? Kwenye runinga watu wakabaki wanatembea kama paka. Watazamaji walilalamika siku mbili tatu, vituo vikaongeza muziki, wakazoea. Nyumbani kwa Mwalimu ndiko kulikokuwa hakukaliki. Visigino virefu vilipanda na kushuka ngazi zisizokuwapo. Mtu alikimbia koridoni tangu alfajiri, anakimbia polisi, filamu ya ishirini na nne, na kila siku alikuwa bado hajakamatwa. Muuguzi wa ghorofa ya chini, ambaye zamu yake ni ya usiku na kulala kwake ni mchana, alikuwa akigonga dari kwa mpini wa ufagio.

"Sikatai mama yako arudi," alimwambia Mwalimu mlangoni siku moja, macho mekundu. "Lakini yule anayeburuta mguu, jamani! Hana kwao?"

"Huyo ni Jabali, dada."

"Jabali mwenyewe? Makubwa! Basi mwambie avue viatu."

Jabali alikuwa nyota wa filamu, naye alikufa mwaka uleule. Nchi nzima ilimjua kwa mwendo: hatua mbili nzito, ya tatu inaburuzwa. Watoto waliuiga shuleni. Mwendo wenyewe ulikuwa wa Mama Viatu, ndani ya buti za kiume alizozijaza matambara. Jabali alitembea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto mchanga, na baada ya filamu yake ya kwanza alikuja studio kimyakimya kufundishwa kutembea kama yeye mwenyewe, maana barabarani watu walimwangalia miguu wakanung'unika.

Kila mwaka, siku ya tuzo, picha za waliofariki zilipoanza kupita, Mama Viatu alisogeza kiti karibu na runinga. "Yule nilitembea badala yake," alisema. "Na yule. Yule alinitoa malengelenge." Mafundi hawakuwamo hata mmoja. "Mcheza kwao hutunzwa," alisema akizima runinga. "Mimi nilicheza kwa watu." Akacheka. Mwaka wa mwisho hakucheka. Alisema, "Zamu yangu ikifika, mwanangu, uangalie kama wameniweka."

Basi Mwalimu akaenda ofisi za kamati ya tuzo, na nyayo zote zikamfuata. Mpokezi hakubandua macho kwenye kompyuta.

"Wenzio wafute miguu. Nimetoka kupiga deki sasa hivi."

Wakafuta mmoja mmoja kwenye zulia la mlangoni. Ilichukua nusu saa, hasa kwa ajili ya kile kikosi.

Katibu wa kamati alikuwa mtu wa adabu. Alimpa pole, akamwonyesha kiti, akamweleza kwamba nafasi ni ishirini na kila marehemu ana sekunde tano, isipokuwa Jabali. Akaomba picha. Mwalimu alikuwa nayo moja tu ya mama yake kazini, kuanzia magotini kwenda chini.

"Hii ni miguu," Katibu alisema.

"Ndiyo kazi yake."

"Watu wanataka sura wanayoijua, Mwalimu."

"Mbona mbwa mmemweka?" Mbwa alikuwa wa saba kwenye orodha iliyobandikwa ukutani.

"Mbwa anajulikana. Huyu mama, labda mwakani."

"Mwakani atakuwa amekufa zaidi?"

Katibu aligeuza shingo. Alikuwa anamsikiliza mtu aliyezunguka nyuma ya kiti chake: mbili nzito, ya tatu inaburuzwa. Akainama mbele.

"Kuna hili pia. Kwenye kipande chetu Jabali anaingia mjini peke yake, dakika nzima anatembea, na sasa ni kimya kabisa. Tumejaribu fundi mwingine, haikai. Huwezi kutuletea hizi siku hiyo?"

"Jina kwanza," Mwalimu alisema. "Jina la mama likipita, nyayo zitapita."

"Nitalifikisha kwa wakubwa."

Walimpa kadi ya mstari wa mwisho, nyuma ya nguzo. Siku ya tuzo, kabla ya kuingia ukumbini, Mwalimu aligeukia nyayo. "Hakuna kutoka miguuni pangu mpaka tuone jina. Mama, umenisikia?" Hakuna aliyejibu, naye akachukulia kwamba wamekubaliana.

Picha zilipita. Alipita baba wa mwenye ukumbi, ambaye hakuwahi kuigiza. Alipita mbwa, na watu wakasema aaa. Wa ishirini akawa Jabali, na jina la Mama Viatu halikupita.

Jabali aliingia mjini kwenye skrini, na buti zake hazikutoa sauti. Wapiga muziki walikuwa wamenyamaza kumpisha. Watu wakaanza kujisogezasogeza vitini. Mtu alikohoa. "Mbona kama mzimu?" akanong'ona bwana mmoja mbele. Mwalimu aliona raha, wala hakuona haya kuiona. Alimwona Katibu pembeni akijifuta shingo. Sekunde kumi zaidi, aliwaza, na ukumbi mzima utauliza nani hayupo.

Kitu kikainuka kando ya goti lake.

"Mama, hapana," alisema. "Mama!"

Hatua ya kwanza ilichelewa kidogo. Ya pili ilikaa. Ya tatu ikaburuzwa, nzito, katikati ya ukumbi, ikishuka kuelekea jukwaani sambamba na picha. Watu walisimama wote. Walipiga makofi mpaka viti vikatikisika. Mama mmoja aliyekaa jirani na Mwalimu alikuwa akilia.

"Hata ungenifunga macho," alisema, "ningemjua kwa mwendo tu."

"Huyo ni mama yangu."

Yule mama akamshika mkono. "Pole, mwanangu. Leo sote tumefiwa."

Asubuhi Katibu alipiga simu. Wakubwa walikuwa wamefurahi mno. Mwakani nyayo zije mapema kwa mazoezi, na zipitie mlango wa nyuma. Wa mbele umetandikwa zulia, hatua hazisikiki.

"Na jina?" Mwalimu aliuliza.

"Tutaona."

Akaweka simu, hasira zikampanda. "Nilikuwa nimewashika pabaya, mama! Sekunde kumi tu!"

Koridoni yule anayewakimbia polisi akaacha kukimbia. Jabali akasimama. Nyumba ikatulia kwa mara ya kwanza tangu msiba, na Mwalimu akatega sikio amtafute mama yake kati yao. Visigino alivijua. Buti alizijua, na mbwa pia. Mwendo wa mama yake hakuujua, maana haukuwahi kusikika, na hakuna filamu hata moja aliyotembea kama yeye mwenyewe. Akageuka ghafla, kama alivyokuwa akigeuka utotoni, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Chini, muuguzi alishtushwa na ule ukimya, akagonga dari kuuliza kama kuna usalama. Kisha askari wakatoka chumbani, na Mwalimu akainua kikombe.