Nyumba Yenye Moshi

Kengele yetu ilikuwa ringi ya lori iliyotundikwa kwenye mwarobaini, na kila Jumapili saa tatu asubuhi niliigonga kwa kipande cha nondo. Niliigonga kwa hasira, kwa sababu nilijua fika nitakaowaona. Atakuja Milembe, anayefundisha shule ya msingi. Atakuja mzee Mayunga, ambaye hasikii vizuri na nadhani alifuata kivuli tu. Na atakuja kuku mmoja mwekundu asiye na mwenyewe. Hilo ndilo lilikuwa kanisa langu hapa Zagayu.

Naitwa Anatoli, kwetu ni Muleba. Nilitumwa na kanisa letu la Bariadi kuwa mwinjilisti nikiwa na miaka ishirini na minne, cheti cha chuo cha Biblia, baiskeli moja, na imani kwamba Wasukuma walikuwa wamekaa wakinisubiri mimi. Mwezi wa kwanza walinidanganya vizuri. Walikuja zaidi ya arobaini, wakaimba mpaka mabati yakatetemeka. Halafu kuanzia Februari wakaanza kupungua, na kufika Juni nilikuwa namhubiria kuku.

Kilichoniudhi kuliko yote ni adabu yao. Wangenitukana ningejua la kufanya. Lakini kila niliyekutana naye njiani alisimama, akanipa mwangaluka yangu, salamu yao ya asubuhi, akauliza nimelalaje, mama yangu Muleba hajambo, baiskeli haijambo. Nikimwuliza kama Jumapili atakuja, anajibu, "Tutaona, mwalimu." Nililichukia hilo neno. Siku moja cheni ilikatika nikiwa na magunia mawili ya saruji, na vijana waliokuwa wakipalilia pamba pale kando walinisalimia kwa heshima zote, kisha wakaendelea kupalilia. Nilisukuma baiskeli ile hadi nyumbani huku nikisema maneno ambayo chuoni hatukufundishwa.

Nilituma Bariadi ripoti ya kurasa nne. Nililaumu pamba, nikalaumu ngoma, nikalaumu waganga na mpira wa miguu. Mchungaji Dastan, mkubwa wangu, aliisoma yote, kisha akanipigia simu. Alisema Jumapili ya mwisho ya Juni atakuja mwenyewe na wazee wawili. Asipokuta watu ishirini, kituo cha Zagayu kitafungwa nami nitarudi Bariadi kusaidia kupanga mafaili ofisini.

Nilikaa kitandani nikalia. Sioni aibu kusema. Sikuwa na kitu kingine nilichowahi kukitaka maishani isipokuwa kazi hii.

Alhamisi kabla ya ugeni huo nilikwenda kwa jirani yangu Nyamizi, mjane wa makamo ambaye uwanja wake unapakana na wangu. Alikuwa amekaa juu ya turubai akichambua pamba, safi huku, chafu kule. Nilimwomba Jumapili anisaidie kuwapikia wageni. Akajibu bila kuinua macho kwamba ataona. Basi nikapandwa na jazba. Nilisema yote niliyokuwa nayo rohoni, na mwishowe nikamwita mama kwa Kisukuma, nikauliza kama mtoto.

"Mayu, nimewakosea nini?"

Aliacha kuchambua. "Umechukua miezi minne kuuliza," alisema.

Akanikumbusha msiba wa Februari, alipofariki mzee Luhaga, mume wa Nyanjige. Niliukumbuka sana. Nilivaa suti, nikahubiri dakika arobaini juu ya ufufuo, na niliporudi nyumbani nilijiona nimefanya kazi kubwa. Nyamizi akaniuliza nilipeleka nini. Nikamwambia nilipeleka Neno.

"Hapa likipigwa yowe la msiba, kila nyumba inapeleka kuni, dumu la maji na unga," alisema. "Wanaume wanachimba kaburi. Yako haikuleta kitu. Ulikuja, ukasema, ukala, ukaondoka."

"Lakini mimi sina mke wa kubeba kuni."

"Jikoni kwako panatoka moshi?"

"Panatoka."

"Basi ni nyumba."

Alisema hakuna mtu anayenichukia. Ni kwamba wao waliita na mimi sikuitika, kwa hiyo nami nikiita hawaitiki. Kunisalimia watanisalimia mpaka nizeeke. Nikamwuliza kwa uchungu kwa nini basi hakuna hata mmoja aliyeniambia, miezi yote hiyo.

"Tulidhani unajua," alisema Nyamizi. "Wewe si ndiye mwalimu?"

Hilo lilinichoma, kwa kuwa kweli nilijua. Muleba nako watu hupeleka vitu msibani. Ila aliyebeba siku zote alikuwa mama, na mimi nilimfuata nyuma mikono mitupu nikijiandaa kuimba. Nikamwuliza Nyamizi sasa nifanye nini, niende kwa Nyanjige nikaombe radhi? Akasema naweza kwenda, Nyanjige atanikaribisha na maziwa ya mgando atanipa, lakini msiba hauzikwi mara mbili. Nisubiri mwingine.

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa. Nilibakiwa na siku tatu kabla ya ugeni, na dawa yangu ilikuwa mtu afe. Nilijikuta nawapitisha wazee wa kijiji kichwani mmoja mmoja, nani ana kikohozi, nani hatoki nje siku hizi. Nilipogundua ninachokifanya nilipiga magoti nikatubu, na safari hii nilitubu kweli.

Ijumaa na Jumamosi nilijiandaa kwa wageni. Kuni huku Zagayu ni shida, miti imebaki michache. Nilikwenda na baiskeli mbali sana kutafuta mzigo mmoja mzuri wa kuni kavu. Nikasagisha debe la mahindi. Nikafagia kanisa mara mbili, nikamfukuza kuku.

Jumapili alfajiri likapigwa yowe. Lilitoka kwa mzee Ndaki, upande wa mashambani. Mama yake, bibi wa miaka tisini na zaidi, alikuwa ameaga dunia usingizini. Nilisimama mlangoni. Nilimkumbuka yule bibi. Alhamisi nilikuwa nimempitisha kichwani na yeye.

Nilimpigia Mchungaji Dastan. Hakupatikana. Nikapiga tena, wapi. Nilijua vizuri mambo yalivyokaa. Nikienda msibani, wageni watakuta kanisa limefungwa, hata Milembe na Mayunga hawamo. Nikibaki, nitakuwa na watu wawili badala ya ishirini, lakini angalau mchungaji atanikuta kwenye zamu yangu. Ringi ilikuwa pale inaning'inia. Niliitazama, nikaingia jikoni kuchukua kuni za wageni.

Mwanaume wa Kihaya kubeba mzigo wa kuni kichwani si jambo la kutazama ukiwa umefunga mdomo. Baiskeli ilikuwa na pancha. Nilijitwisha, ukaangukia mbele. Nikajitwisha tena, ukaangukia nyuma. Hatimaye nilifika nao kwa Ndaki shingo imepinda, mkono mmoja umeshika kuni, mwingine umekumbatia ule unga. Wanawake waliokuwa wamekaa karibu na meko walificha nyuso kwenye khanga. Msibani hapo, na mabega yanacheka.

Kwenye lundo la kuni alikuwa amekaa Nyanjige, kwa sababu mjane wa karibuni ndiye aliyepewa kupokea. Niliutua mzigo miguuni pake. Aliutazama, akanitazama mimi, akachomoa ukuni mmoja akaugonga ardhini kusikia kama umekauka. Kisha akaurusha kwenye lundo na nyingine zote zikafuata. Nikaenda kisimani na dumu, nikarudi, nikaenda tena. Halafu nikavua shati, nikaingia kaburini na wenzangu, na kwa mara ya kwanza toka nifike Zagayu sikumhubiria mtu yeyote.

Tulikuwa tumefika kiunoni niliposikia gari. Mchungaji Dastan alishuka na wazee wake wawili, tai shingoni, na usoni mwake niliona kwamba ameshakuta kufuli. Alipita kwa waombolezaji akiuliza mwinjilisti wake yuko wapi. Nilianza kupanda juu nieleze, lakini nilichelewa.

Nyanjige ndiye aliyemjibu. "Mwalimu wetu yuko kaburini," alisema, "anachimba."

Mchungaji alikuja ukingoni akanitazama nilivyojaa matope mpaka nywele. Nilisubiri anifukuze kazi mbele ya watu. Akauliza kwa sauti ya chini waumini wangu wako wapi. Nikamwambia ukweli, kwamba sina, na kwamba kosa ni langu, si la pamba wala waganga. Akavua koti akampa mzee mmoja, akafungua tai, akauliza kama kuna jembe lingine.

Tulimzika bibi alasiri. Mzee Ndaki aliniomba niombe. Niliomba kwa maneno machache sana, na nikaona watu wakitazamana kwa mshangao, bila shaka walikuwa wamejiandaa kwa dakika arobaini. Kabla ya kuondoka Mchungaji aliniambia ananipa Jumapili moja zaidi. Yeye hatakuja. Nihesabu mwenyewe, nimpigie simu, na nisithubutu kumdanganya.

Wiki ile sikumwalika mtu. Nilichambua pamba kwa Nyamizi, nikapika kwa vijiti nilivyookota njiani, kwani kuni zangu zilikuwa zimeishia kwa Ndaki. Jumapili saa tatu niligonga ringi. Milembe akaja. Mayunga akaja. Kuku akaingia. Tukakaa, tukaimba wimbo mmoja, na njiani hapakuwa na mtu. Nikafungua Biblia.

Hapo ndipo nilipomwona Nyanjige akikata kona ya shamba la pamba. Alikuwa na mzigo wa kuni kichwani, umenyooka kabisa, haugusi kwa mkono. Nyuma yake alikuwa Nyamizi na dumu la maji, nyuma ya Nyamizi wengine, na mwishoni kabisa mzee Ndaki na vijana wale wa kupalilia. Nyanjige aliutua mzigo kwenye mlango wa kanisa, akajifuta jasho.

"Zako ziliisha msibani," alisema. "Wiki nzima jikoni kwako moshi ni kidogo. Tumeona."

Kisha akapita akaenda kukaa mbele, pale ambapo hakuwa amekaa tangu Februari. Sikuweza kuhubiri. Nilijaribu mara tatu, kila mara machozi yakanitangulia, mpaka Milembe akaanzisha wimbo kuniokoa.

Mchana nilipanda juu ya jiwe moja kubwa ambako mtandao unashika vizuri, nikampigia Mchungaji Dastan. Alipokea mara moja, kama mtu aliyekuwa ameishika simu mkononi.

"Wangapi?"

"Ishirini na tatu," nilisema, "na mzigo mmoja wa kuni."

"Kuni za nini tena?"

Nikakaa chini juu ya jiwe, nikaanza kumweleza.