Kioo Juu ya Ufa

Kificho alianza ufundi wa nyumba za Mji Mkongwe akiwa na miaka kumi na minne, na kitu kilichovunjika hakuwahi kukipita hivihivi. Ndiyo maana alipokuta kipande cha kioo kimepasuka ukutani, alikibandua, akabandika kingine, akafuta vumbi.

Jumatano akaja Yusra, injinia aliyevibandika vioo vitatu kuukingama ufa wa ukuta wa chini. Akavikuta vyote vizima. Akasema alhamdulillahi, ataandika barua kwamba ghorofa ya juu inabeba watu. Biasha, mwenye nyumba, dada yake Kificho, akaanza kupanga mikeka. Ijumaa anamwoza binti yake, na wanawake wasiopungua mia watapanda juu kumtazama bibi harusi, kama walivyopanda siku ya Biasha mwenyewe na siku ya mama yake.

"Hicho cha kati nshakubadilishia," Kificho alisema, akitaraji ahsante. "Kilikuwa kimevunjika."

Yusra akarudisha kalamu mkobani. Akauliza kimevunjika lini. Jumatatu. Kimevunjika vipi? Kificho akamshangaa. Kioo ni kioo.

"Mzee wangu, nilikiweka ili kivunjike," Yusra alisema. "Kikipasuka chenyewe, ukuta unasogea. Niambie kweli. Kilipasuka, au kiligongwa?"

Biasha alimkazia macho kaka yake. Ngazi ilikuwa imeegemezwa palepale, angeisingizia, yangekwisha. Na huenda kweli iligonga. Kificho alijaribu kukumbuka, na kila alipojaribu mambo yalizidi kumchanganya: alikibadilisha kwa sababu ni fundi, au kwa sababu ya harusi? Nyumba ina miaka mia na ushei. Wiki hii ina nini hata isogee?

"Kilipasuka kwa kuufuata ufa," alisema mwishowe. "Lakini ngazi nayo ilikuwapo. Sijui."

"Basi na mimi sijui. Na nisilolijua silitii saini. Juu asipande mtu."

Biasha alisubiri mgeni atoke.

"Kaka, mvi zote hizo, kunyamaza hujajifunza?"

Ijumaa bibi harusi alitazamwa uani kwa jirani, watu wamebanana mpaka mlangoni. Vigelegele vikiendelea, Kificho alijipenyeza akaenda kukiangalia kile kioo. Kizima. Hakujua afurahi au aone haya. Juu hakuna mguu uliokanyaga. Kingevunjwa na nini?

Kilikuwa na vumbi. Akanyoosha mkono akifute, kisha akaurudisha.