Maziwa Kwenye Kahawa ya Mama

Agnela hakuwa mtu wa ugomvi. Waulize majirani zake wa Moshono, wote watakuambia hivyo. Lakini usidanganyike, maana asiyegombana ndiye wa kuogopwa. Wenzake hutema nyongo ikaisha, yeye anaiweka. Na hii ya wifi yake Evelyn alikuwa ameiweka tangu Krismasi.

Kisa chenyewe kilianza na kahawa. Mwaka ule mama yake Agnela alipougua, jua la Februari liliwaka Arusha mpaka majani ya migomba yakajikunja. Mama, mtu wa Kibosho aliyekua kwenye kahawa, alikuwa na vidonda mdomoni, kitu cha moto hakipiti. Uji alikataa. Maziwa ndiyo kabisa. Yale ya mgando, hata alipokuwa mzima, alikuwa akiyaona tu anageuza uso. Agnela akahangaika jikoni. Akachukua kahawa ya shambani kwao, akaitwanga isiwe laini sana, akailoweka kwenye maji baridi ikalala humo, asubuhi akaichuja kwa kitambaa cheupe. Akakamua pasheni, akaongeza juisi ya chungwa na asali kidogo, akatia barafu. Mama akaonja. Halafu akanyoosha glasi aongezewe.

Basi hicho ndicho kitu cha mwisho mama alichokiomba kwa furaha hapa duniani. Agnela akakiita kahawa ya mama, na kila mwaka jua likikaza aliitengeneza, na kila aliyeinywa alielezwa jina lilikotoka. Hakuwa na kumbukumbu nyingine ya mama aliyoipenda kama hiyo.

Sasa tuje kwa Evelyn. Mke wa kaka yake Prosper, mwanamke wa Olasiti mwenye makochi ambayo watoto wake mwenyewe hawaruhusiwi kuyakalia. Alikuja Moshono siku moja akasimama jikoni akaangalia mwanzo mpaka mwisho. "Wifi, nifundishe na mimi, ya mama isije ikapotea." Agnela akamfundisha kwa moyo mweupe. Krismasi ikafika, ukoo mzima umejaa Olasiti, Evelyn akatoka na majagi yamepambwa kwa vipande vya machungwa. Watu wakanywa, wakasifu, wakauliza ni kitu gani hiki jamani.

"Inaitwa Eve Spesho," akasema, mkono kifuani. "Nilikaa tu siku moja nikawaza, nikabuni."

Alisema hayo Agnela akiwa pale pale, glasi mkononi! Wala hakupepesa macho. Loo, kuna watu Mungu aliwanyima haya akawaongezea sauti. Naye Prosper, aliyetoka tumbo lile lile, akanywa akaomba nyingine, asiseme neno. Hilo ndilo lililomkata Agnela maini. Jina la mama lilifutwa mbele ya wanawe na hakuna aliyeshtuka. Akaapa kimoyomoyo: Evelyn ataikana hiyo Spesho yake kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu anaowaonea aibu.

Nafasi ikajileta yenyewe. Aikande, binti wa Evelyn, alikuwa amepata mchumba, kijana mmoja mpole anaitwa Lengai, kwao Kisongo, wafugaji watupu. Wazee wa Lengai wakatuma habari kwamba wanakuja kujitambulisha. Evelyn akaandika kwenye grupu la familia: mbuzi atachinjwa, pilau itapikwa, na wageni watapokelewa kwa Eve Spesho. Agnela akasoma ujumbe ule akacheka peke yake mpaka ng'ombe wake bandani akageuza kichwa.

Kwa sababu kuna jambo Evelyn hakuwahi kuuliza, na Agnela hakuwahi kumwambia. Pasheni na maziwa havipatani. Ukivichanganya, uchachu unayakata maziwa, yanashikana mabonge mabonge, na glasi yako inakuwa kitu cha kumwaga nyuma ya nyumba. Tena Agnela alimjua wifi yake. Kwa watu wetu mkwe hapewi chai ya rangi. Mkwe akinyweshwa cha rangi anarudi kwao akisema wale hawana kitu, au wanacho na wana choyo. Huyo ni mkwe wa kawaida. Sembuse mkwe mfugaji!

Siku ya siku akatangulia Olasiti na galoni ya maziwa, ameyachemsha, ameyapoza, yana utando wa mafuta juu. Akamkuta Evelyn jikoni anapanga glasi.

"Wifi, nimekuletea zawadi."

"Asante, dada. Weka pale, tutapikia chai baadaye."

"Haya." Agnela akayaweka, akayatazama majagi ya kahawa, akaguna. "Kwa hiyo hii mnawapa hivi hivi nyeusi?"

"Ndivyo inavyonywewa."

"Sawa, wewe ndiye uliyeibuni. Mimi nimewaza tu, watu wa Kisongo, wenye ng'ombe wao, wafike kwa mkwe wawekewe kitu cha rangi..." Akajifuta mikono. "Lakini wewe unajua zaidi."

Evelyn akasimama. Ungeona alivyoyaangalia yale maziwa! Pale pale honi ikalia getini, wageni hao. Akanyakua galoni, akamimina kwenye majagi haraka haraka, akakoroga, rangi ikageuka nzuri ya kahawia, akashusha pumzi. Jagi moja tu alilisahau ndani ya friji. Agnela alitoka akaenda kukaa sebuleni mahali ambapo angeona vizuri. Moyo ulikuwa unamdunda kwa raha.

Wageni wakaingia. Mbele yao bibi mzaa baba wa Lengai, Koko Nosim, kwao bibi huitwa koko, shuka begani, shanga shingoni, fimbo mkononi, macho yanayoona kila kitu. Watu wakaamkiana shikamoo kwa marahaba, wakakaa kwenye makochi yale matukufu. Kisha mlango wa jikoni ukafunguliwa, na aliyetoka na sinia hakuwa Evelyn. Alikuwa Aikande.

Agnela akainuka nusu, akakaa tena. Alijua, bila shaka alijua, binti anayeposwa ndiye huwapa wakwe kinywaji cha kwanza. Nani asiyejua? Lakini hasira ya miezi yote ile ilikuwa imemwonyesha sura ya Evelyn peke yake. Sasa hapa alikuwa mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kusuka nywele na kusali Rozari, amevaa kitenge kipya, anapiga magoti mbele ya Koko Nosim na glasi ambayo ndani yake maziwa yalikuwa yanapanda juu vipande vipande.

Koko aliiinua glasi dirishani, akaitikisa. Mabonge yakazunguka.

"Nani amefanya hii?" akauliza.

Aikande akaliweka sinia sakafuni, akamwangalia mama yake. Evelyn, aliyekuwa mlangoni, akaiona aibu inamjia na akaikwepa kwa kasi ya panya.

"Siyo mimi, Koko! Hii ni ya wifi yangu huyu hapa, Agnela. Ni ya kwake tangu zamani. Mimi nimefundishwa tu. Hata maziwa kaleta yeye!"

Yametoka. Yale maneno yote aliyoyasubiri Agnela tangu Krismasi yalitoka, kwa kinywa kile kile, mbele ya wakwe na ukoo. Hayakuwa matamu hata kidogo. Watu wote wakamgeukia. Angeweza kusema sijui, angeweza kusema muulizeni mwenye nyumba. Akamtazama Aikande pale chini, macho yamejaa machozi, akasimama.

"Ni yangu, Koko. Mtoto hana kosa. Inaitwa kahawa ya mama."

Koko Nosim akainusa glasi. Kisha akainywa. Akatafuna kidogo. Akainywa yote mpaka chini, akaupangusa mdomo kwa kona ya shuka.

"Hii imeganda vizuri," akasema. "Nimezunguka mji huu wote wananipa maziwa kama maji. Leo ndiyo nimepewa maziwa. Mama yako alikuwa anajua watu. Mtoto, niongeze. Na siku ya harusi huyu shangazi atutengenezee hii hii, isiwe nyingine."

Wazee wa Kisongo wakaitikia, glasi zikanyooshwa, Lengai akacheka, Prosper akapiga makofi akisema ndiyo, ndiyo, ni ya marehemu mama hiyo. Sasa ndipo alipokumbuka! Agnela akatabasamu mpaka mashavu yakauma. Kahawa ya mama, yenye mgando. Mama yule, aliyekuwa akigeuza uso.

Wageni walipoanza kula, Evelyn alimfuata jikoni akafunga mlango.

"Ulijua yatakatika."

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Mbunifu huambiwa?"

Evelyn hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Agnela. Alifungua friji akatoa lile jagi lililosahaulika, jeusi, safi, barafu bado inaelea, akamimina glasi moja akamsogezea.

"Basi tumemalizana, wifi. Ya mabonge ni kahawa ya mama, umesema mwenyewe, wamesikia wote, na harusini utaigandisha mbele ya watu mia. Hii hapa haina maziwa." Akalirudisha jagi kwenye friji. "Hii ni Eve Spesho."

Akatoka na sinia la ndizi. Agnela akabaki na glasi. Akainywa polepole, amesimama. Ilikuwa ile ile kabisa, pasheni, chungwa na asali kidogo, kama alivyompa mama. Alitamani kumwambia mtu jinsi ilivyo tamu, na kule sebuleni walikuwa wanamwita kwa shangwe alete ile nyingine.