Kura Kumi na Moja Zilizotoka kwenye Ukungu

Huku milimani hakuna anayetunza siri kama mimi. Waulizeni wanawake wote tunaoteka nao maji. Siri zote ninazozitunza nimeshawahadithia.

Mwaka ule wa tisini na tano, vyama vilipokuwa vingi, tulipigia kura darasani, juu kidogo ya Lukozi. Ukungu ulitangulia kuingia. Ukakaa kwenye madawati, ukapanda ubaoni, ukafuta hesabu za watoto. Nikachovywa kidole kwenye wino, nikapita nyuma ya pazia la gunia, na huko, wallahi, sikuwa macho wala sikuwa usingizini. Nilimsikia marehemu mama anapandisha mlima na debe la maji kichwani, anahema. Bomba tuliahidiwa tangu yeye ana meno yote. Nikainamisha karatasi ili naye aone vizuri.

Kesho yake matokeo yakabandikwa mlangoni. Chama, mia tatu na sita. Upinzani, kumi na moja. Vijiji vya jirani, tuliambiwa, vilikuwa safi kama sahani iliyolambwa. Sisi tu ndio tuliobakiza punje.

Aliyeumia ni Lusajo, balozi wetu wa nyumba kumi. Alitoka Tukuyu akiwa kijana, akaja kuchuma chai. Shamba lilipopata tajiri mpya wakapunguzwa, naye hakurudi kwao. Huku hana shamba la ukoo, hana mke, hana kaburi la mzazi. Ana mlingoti mbele ya mlango na bendera ya Chama, anayoifua na kuianika kama nepi ya mtoto wa kwanza. Na mkutanoni alikuwa ameahidi mbele ya wakubwa kwamba hapa haipotei hata moja.

"Mama Halima," akaniambia, "Alhamisi anakuja bwana Timotheo wa wilayani. Nikikosa maelezo, bendera inashushwa. Nitakuwa nani hapa?"

"Utakuwa Mnyakyusa anayemaliza mkungu wa ndizi peke yake."

Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Alhamisi ukungu ulishuka mchana, mweupe, mzito, hata bendera ikawa inapepea bila mlingoti. Timotheo akatokea ndani yake kidogo kidogo: kwanza viatu, kisha kaunda suti, mwisho kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

"Asante. Balozi, ni nani hao kumi na moja?"

Nikamwahi Lusajo. Nikajibu mimi.

"Ni sisi mabibi."

Lusajo akashika ukuta.

"Subiri, mwanangu. Sisi tuliishia darasa la nne. Mwalimu wetu, ukikosea, alikupiga kosa, mistari miwili imepishana, kubwa, mpaka unaona haya kurudi nyumbani. Sasa tulipoiona picha ya yule mpinzani, tukampiga kosa! Tumemkataa kumi na moja, nyinyi mkahesabu tumempenda."

Timotheo akatabasamu. Akafungua daftari. "Nyote mlimpiga kosa?"

"Wote. Mwalimu alikuwa mmoja."

"Na wewe, bibi?"

"Mimi! Nilimkandamiza mpaka kalamu ikatoboa karatasi."

Nikamwona Lusajo anapumua. Uso wake ulifunguka, akaanza hata kucheka, akanimiminia chai kama mimi ndiye mgeni. Kwa muda ule mdogo nyumba nzima ilielea, sisi watatu ndani yake, na hakuna aliyekuwa na kosa lolote duniani.

Timotheo akafunga daftari bila kuandika kitu.

"Bibi, jioni ile ya kuhesabu, wakala wa Chama nilikuwa mimi. Kila karatasi ilinyanyuliwa mbele ya macho yangu."

"Macho ya ujana ni neema, mwanangu."

"Kosa sikuliona hata moja. Zote kumi na moja zilikuwa na alama ya vema, nzuri, kama za mwalimu. Na moja vema yake ilikandamizwa mpaka karatasi ikatoboka."

Halafu hakunitazama tena. Alikuwa anautazama mlingoti.

Lusajo akanigeukia polepole, kama mtu anayeamshwa, birika bado mkononi.

"Mama Halima," akasema, "kumbe hukukosea."

"Chai inapoa," nikasema.