Mfuniko wa Nyuma

Ieleweke kwa wote wenye masikio, pamoja na wale wanaosoma wakiwa wamelala, kwamba mimi, mjukuu wa pekee wa kiume, niliyenyooshwa kwa miaka minne katika shule ya bweni, nilirudi likizo na kusudi moja tukufu: kuenzi mabaharia arobaini waliozama vitani. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Mama. Ukweli ni kwamba nilichoka kukaa bure, nikataka kumtisha Bibi kidogo.

Bibi alikuwa fundi wa meno bandia. Kwa miaka thelathini na minane watu wa mji huu walicheka kwa jasho lake. Alipostaafu alirudi nyumbani na vifaa vyake vyote: nta, plasta, vichongeo vyembamba kama sindano, na makopo ya ile plastiki ya waridi inayotengenezewa fizi. Kwa vitu hivyo alikuwa anaunda nyambizi. Kwa hiyo chombo cha vita kilichowahi kutisha bahari nzima kilikuwa juu ya meza ya chumba cha nyuma, urefu wa kitanda cha mtoto, kikiwa na rangi ya ufizi. Rangi ya kutu ingepakwa mwisho.

Tena haikuwa nyambizi nzima. Aliiunda kama ilivyolala chini ya maji: imelalia ubavu, pua imepasuka, matope hadi kiunoni.

"Ukitaka kutengeneza kitu kilichovunjika," alikuwa akiniambia, "kwanza kitengeneze kizima. Kisha kivunje kwa adabu."

Alifuata picha sita alizopewa zamani na mpiga mbizi mmoja, kabla nyavu za meli za uvuvi hazijayaburuta mabaki yale yakasambaratika. Mpiga mbizi mwenyewe alishafariki. Picha zilikuwa nakala moja moja, zote rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Kila asubuhi Bibi aliweka lenzi kwenye jicho la kulia, kwa sababu la kushoto lilishaingia mtoto wa jicho, akapima, akachonga, akapima tena.

Ndani ya nyambizi hiyo alifia baba yake, fundi wa injini, Bibi akiwa bado tumboni. Picha ya baba huyo ilining'inia juu ya meza. Amevaa kofia, amekunja uso kama mwalimu wa zamu.

Jumatatu Bibi alikwenda kliniki ya macho. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nibandue mfuniko wa nyuma, ule wa kutokea chumba cha injini, nitumbukize shanga tano, niurudishie. Bibi akiinyanyua nyambizi asikie mabaharia wanabisha hodi. Nilicheka peke yangu hadi nikashika mbavu.

Mfuniko ulitoka na bawaba yake, ukagoma kurudi. Nilipoutia gundi ukashika ukiwa wima, kama mwanafunzi aliyenyoosha mkono. Mtu mwenye akili angesubiri aungame. Mimi nimesoma bweni, na bweni tulijifunza kwamba kosa likiwekwa mahali pawili halionekani tena kuwa kosa. Nikachukua picha ya nne, iliyoonyesha sehemu hiyo, nikaikwangua kidogo kwa wembe ili penseli ishike, kisha nikachora mfuniko ulio wazi, na kivuli chake. Kazi safi kabisa, ingawa najisifu.

Bibi aliporudi aliona kabla hajavua viatu.

"Mume wangu, hebu njoo. Huu mfuniko si niliufunga?"

"Labda uliona vibaya kwenye picha, Bibi."

Akachukua picha na lenzi. Alitazama muda mrefu, nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu. Kisha akakaa.

"Uko wazi," alisema. "Macho yangu haya! Mimi hapa niliona giza tu, nikaufunga kwa sababu tuliambiwa hakutoka mtu."

"Basi pengine baba yako alitoka!" nilisema, nikijiona mleta habari njema. "Si ni vizuri?"

"Alitoka akaenda wapi?"

Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Jumanne alishusha picha ya baba yake, akaisukuma nyuma ya kabati, uso ukutani. Mama alipokuja kuchukua pasi alisimama mlangoni akiwa hajui acheke au aite daktari.

"Sasa Mama," alimwuliza Bibi, "babu wa watu amekukosea nini baada ya miaka yote hii?"

"Nchi kavu ilikuwa maili moja. Na alikuwa anaogelea kama samaki, mama yangu kanihadithia mwenyewe. Mama yangu alikataa wachumba watatu kwa ajili ya huyo mtu. Watatu! Mmoja alikuwa na duka."

"Labda alitoka akafa njiani."

"Labda. Na labda ana wajukuu mahali fulani, wenye meno kama yangu."

Vifaa vililala kwenye sanduku. Bibi aliyekuwa akiimba akichonga sasa alikaa na mikono mapajani. Jumatano nilijaribu kumwambia kwamba maji huwa yanadanganya macho, na picha si ushahidi.

"Usimtetee mwanamume mwenzako," alinijibu.

Alhamisi, Bibi akiwa jikoni, niliukandamiza ule mfuniko kwa kidole gumba kwa nguvu zangu zote. Lakini gundi ya meno bandia imeundwa ishinde nyama ngumu. Mimi ni nani? Kila asubuhi niliamka nikiwa nimepanga maneno ya kuungama, na kila asubuhi nilimkuta amenyamaza zaidi ya jana, nikaahirisha hadi kesho. Nilikuwa nimemuua mtu aliyekwisha kufa, na sikujua namna ya kumfufua.

Ijumaa aliniita. Hakusema "mume wangu". Alisema, "Wewe."

Alikuwa na picha ya nne mkononi, na kidole gumba chake kilikuwa cheusi. Kando ya pua yake palikuwa na doa jeusi pia. Siku nyingine ningecheka.

"Nilikuwa namtukana," alisema taratibu, "kidole nimekiweka hapo alipotokea. Baharini kuna penseli?"

"Hapana, Bibi."

"Haya. Sema."

Nikasema. Shanga, bawaba, gundi, wembe, kivuli. Sikuweka utani hata mmoja. Nilitegemea kofi, na nadhani nililitamani. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akajifuta kidole kwenye kanga.

"Siku nne nimemtukana baba yangu," alisema. "Keti."

Nikaketi. Akaniwekea picha mbele yangu. Pale penye mfuniko palikuwa na kovu jeupe lililopakwa moshi, basi.

"Wewe una macho mazima. Kabla hujakwangua uliona nini? Ulikuwa umefungwa, au ulikuwa wazi?"

Neno "umefungwa" lilikuwa tayari mdomoni. Ningelisema, baba yake angerudi ukutani kabla ya chakula cha mchana. Bibi aliinama, akanielekezea lile jicho lake la kulia.

"Sikuangalia, Bibi," nilisema. "Nilianza tu kukwangua."