Mwende Apita Juu

Kabla hakujapambazuka, bati la jikoni liligongwa taratibu, ko, ko, na Ndanu akajua Mwende amepaa tena. Akajifunga leso, akatoka nje. Ng'ombe wake alikuwa anaelea juu ya paa, kamba imekazika kutoka shingoni hadi kwenye kigingi, kwato zikigusa bati kila upepo ulipovuma. Ndanu akamvuta chini polepole, akamfunga gunia la mawe mgongoni, akarudi kuinjika uji.

Mwende alianza kuwa mwepesi jirani yao, Dalmas, alipojenga ukuta kukata njia ya ng'ombe, ile ambayo watu wa upande huu wa Noonkopir walipitishia mifugo kwenda mtoni tangu zamani. Kila mtu alijua ni njia ya umma. Chifu alisema jambo hilo linaangaliwa. Nyuma ya ukuta nyasi zilifika magotini na hazikuwa na wa kuzila. Upande wa Ndanu kulibaki vumbi na mifuko ya nailoni. Mbavu zikatokeza, nyonga zikachongoka, na mwili ulipokwisha, ng'ombe akaanza kuinuka.

Asubuhi hiyo alipita Elmi, mchuuzi wa mifugo, aliyekuwa ameahidi kumwazima fahali wake. Akapapasa mbavu za Mwende, akabinya shina la mkia.

"Mama Mbeke, dume yangu iko tayari. Lakini hii yako haiwezi kupata joto na mwili kama hii. Nitapandisha nini, mwavuli?"

"Wacha mzaha, Elmi. Ndiyo hii tu nimebaki nayo."

"Basi niuzie ya kuchinja, kabla upepo haijaipeleka Namanga."

Ndanu alimtazama bintiye Mbeke, aliyekuwa kizingitini akinywa uji mkavu, usio na maziwa. Mwende akienda kichinjioni, hakuna ndama, na boma linabaki jina tu.

"Siuzi," akasema.

Elmi alipoondoka, Ndanu alimpeleka ng'ombe ukutani, akafungua lile gunia, akaiachia kamba kidogo kidogo. Mwende akapanda, akavuka vipande vya chupa vilivyosimikwa juu ya ukuta, akanyoosha shingo. Akashika nyasi kwa ulimi, akajivuta chini ng'ambo. Mama na mtoto wakamsikia akila.

Kila jioni walimvuta arudi kabla hajawa mzito wa kutovutika. Lakini ng'ombe wa nusu tumbo hanenepi. Alfajiri bati liligongwa vilevile. Mwishowe Ndanu akairusha ncha ya kamba ng'ambo ya ukuta.

"Kaa huko ule ushibe," akamwambia. "Nitakuja kukuchukua."

Mwende alikaa huko majuma mengi, pembeni ambako Dalmas hakuwa akifika. Siku alipoanza kulia kilio cha kutaka dume, Ndanu alimshika Mbeke mkono, wakaenda lango kuu. Dalmas alikuwa anawasha gari. Ndanu akamwambia amekuja kumchukua ng'ombe wake aliyekuwa akilia kule nyasini.

"Hii ng'ombe iliingia aje kwangu?"

"Ilipita juu."

Dalmas akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kumenyesha Isinya. "Na nani alikuruhusu kupita juu?"

"Na wewe, nani alikuruhusu kufunga chini?"

"Mama, imekula nyasi yangu. Itabaki hapa."

"Basi na sisi tunabaki."

Akaketi chini katikati ya lango, akampakata Mbeke. Dalmas akapiga honi.

"Piga mpaka ichoke," Ndanu akamwambia. "Ng'ombe ni yangu, na njia ni yetu sote."

Jua lilipofika utosini, Dalmas, aliyekuwa anangojwa Kajiado kwenye harusi, akashusha kioo. "Toa ng'ombe yako."

Mwende alitoka kwa miguu, ardhi ikisikika chini ya kwato zake.

Elmi alileta fahali siku hiyo hiyo. Akapapasa mbavu, asizipate. "Sasa hii ni ng'ombe," akasema. Mimba ikashika.

Ukuta haukubomolewa. Dalmas aliuongeza mawe, akaweka na waya juu. Chifu alisema jambo bado linaangaliwa. Mwende, ambaye sasa alitakiwa kulisha wawili kwa vumbi, akaanza tena kutembea kwa ncha za kwato.

Ndanu akasimama naye chini ya ukuta mpya, kiganja kimetulia kwenye tumbo la ng'ombe, macho yakipima urefu. Mbeke naye akainua kichwa, akatazama hadi kwenye waya.

"Mama, tuunge kamba ingine," akasema.