Injini Yangu Ndani ya Boti ya Kaka

Kaka yangu Nestory hajawahi kuiba. Yeye huazima. Aliazima baiskeli ya marehemu mume wangu mpaka ikafia kwake, na mwaka jana, baada ya mavuno, alikuja Kaengesa kuazima injini ya mashine yangu ya kusaga.

Injini hiyo ya dizeli ndiyo iliyokuwa ikitulisha mimi na binti yangu Faith. Mume wangu aliiacha nzima, nami niliitunza kuliko nilivyojitunza mwenyewe. Nestory alieleza kuwa anaunda boti ya kwenda kubebea dagaa kule Kasanga, ziwani, kwamba kilichobaki ni injini tu, na kwamba msimu mmoja ungemtosha kupata yake. Nilikataa. Akarudi na baba mdogo na shangazi, wakanikumbusha nani alisimamia mazishi ya mume wangu. Mjane akishakumbushwa hilo hana pa kujitetea, na walilijua kabla hawajatoka kwao. Injini ikapakiwa. Wateja wangu wakahamishia mahindi na ulezi wao kwa jirani.

Boti iliundwa Kizwite, mjini Sumbawanga, uani kwa Nestory, mbali kabisa na ziwa. Alisema ni kwa sababu mbao zinapatikana huku juu. Mimi nasema ni kwa sababu Nestory hawezi kufanya jambo pasipo na watu wa kumtazama. Injini ya kusagia hupozwa kwa maji unayoimiminia mwenyewe, lakini yeye alitaka ivute maji ya ziwani, kwa hiyo boti ikabidi itobolewe chini na kuwekwa koneta, kile kipande cha kuunganishia bomba chenye kichwa kipana upande mmoja na nati upande wa pili.

Kazi hiyo alipewa Godbless, fundi bomba aliyetoka Mbeya, ambaye amefunga matangi ya maji karibu nusu ya mji. Aliifunga boti kama anavyofunga tangi. Washa, ile pete ya mpira ya kuzuia maji, aliiweka ndani, silikoni ya kuzibia akaipaka ndani, nati akaikaza ndani mpaka spana ikagoma. Kwa nje, kichwa cha koneta kililala juu ya mbao tupu.

Wakaijaribu pia. Walileta mpira wa maji, wakaijaza boti, wakainama kuchungulia chini yake. Halikudondoka hata tone. Majirani wakapiga makofi, Nestory akaagiza soda, padri akabariki. Nami nikasema amina kwa sauti, maana nilichotaka ni injini yangu iende salama na irudi salama.

Kasanga nilikwenda nao, nyuma ya lori, ingawa hakuna aliyenialika. Boti ilipoingia majini injini ikawaka kwa mlio ule ule ninaoujua. Hawakufika mbali. Nilimwona Nestory anainama, kisha anachota maji kwa ndoo, kisha anapunga mikono. Walipovutwa hadi ufukoni maji yalikuwa yameshafika kwenye miguu ya injini. Niliingia ziwani na gauni langu kusaidia kuvuta.

Fundi wa boti wa pale, mzee Timoth, alichungulia ile koneta akacheka mpaka akakohoa.

"Tangi maji yanakaa ndani," alimwambia Godbless. "Boti maji yako nje. Sasa wewe mlango umemfungia nani?"

Maji yalikuwa yamepenya chini ya kile kichwa, mbao zikanywa, injini ilipotikisika washa ya ndani ikainuka. Godbless alirudi Sumbawanga na lori bila kuaga. Nilimsihi Nestory ateremshe injini kwanza. Akasema nisimtie mkosi, boti itarudi majini wiki hiyo hiyo, fundi awepo asiwepo, na injini ikiwa humo humo.

Basi nikaifanya mwenyewe. Ningefanyaje? Ikizama, inazama na ugali wa mwanangu. Mzee Timoth alinielekeza, nikaing'oa koneta, nikakwangua silikoni yote, nikaacha tundu likauke juani, nikapaka rangi kwenye mbao iliyokatwa isije ikanywa tena. Nikapakaza gundi ya boti chini ya kichwa cha koneta na kuzunguka shingo yake, tukaisukuma koneta tunduni kutoka nje, Nestory akakishika kichwa, mimi nikazungusha nati ndani mpaka gundi ikachomoza pande zote. Hapo nikaacha. Nestory akataka kumalizia kukaza, nikamnyang'anya spana, kwa sababu ukikaza mpaka mwisho gundi ikiwa mbichi inatoka yote. Iliposhika ndipo nikamaliza. Nilimchukia kila nilipozungusha ile nati, na bado niliizungusha vizuri. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile maishani mwangu.

Boti ilikwenda na kurudi na dagaa msimu mzima. Ulipokwisha, nilikodi gari nikashuka Kasanga kuchukua injini yangu. Nestory alinipokea vizuri mno, akanipa chakula, akauliza habari za Faith. Baba mdogo naye alikuwepo, ingawa hakuna aliyeniambia kuwa atakuwepo.

"Mungu ananiona, mdogo wangu, nilitaka kukurudishia," Nestory alisema. "Lakini injini ikitoka, lile tundu tutaliziba na nini? Na ile koneta, ulivyoifunga wewe, haing'oki."

Baba mdogo akatikisa kichwa kukubali. Alisema boti sasa ni ya ukoo, na mimi ndiye niliyeiokoa, kwa hiyo siwezi tena kuiharibu kwa mikono ile ile. Alilisema kwa upole, akinisifu.

Nikapanda botini, nikapiga magoti kando ya injini yangu, nikapitisha kiganja kuzunguka nati, nikiomba nikute hata unyevu wa kunipa sababu ya kuifungua. Palikuwa pakavu.